Agano la Wapuritani wa Massachusetts lilikuwa nini?

Neno agano kila msomaji wa Biblia analijua. Kwa Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe zaidi, waliovuka Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1630 na kuanzisha Boston katika koloni la Massachusetts, Amerika, neno hilo ndilo lililoamua nani apige kura, nani ale Meza ya Bwana, na hata kwa nini mvua imegoma kunyesha.

Tulitenganishe kwanza na mkataba. Mkataba ni wa watu wawili: mmoja akiuvunja, mwenzake humshtaki, na majirani hayawahusu. Agano lao lilifungwa na jamii nzima, na Mungu mwenyewe alihesabiwa kuwa upande wa pili. Gavana John Winthrop aliwahubiria mwaka huohuo wa 1630: wakilishika, Mungu atakuwa pamoja nao; wakilivunja, ghadhabu yake itawashukia wote. Wote, hapo ndipo penye uzito. Mlevi wa mtaani, wanandoa wasioishiwa ugomvi, mtu aliyekwenda kulima siku ya Sabato: yeyote kati yao aliweza kuwaletea wenzake ukame au ndui. Kwa hiyo kufuatilia mwenendo wa jirani kulikuwa wajibu wa kidini. Janga likitokea, serikali ilitangaza siku ya kufunga na kutubu. Mambo yakinyooka, siku ya shukrani.

Sabato ilianza Jumamosi jua likizama. Jumapili watu walikwenda kwenye jumba la mikutano mara mbili, asubuhi na alasiri, hata theluji ikianguka na humo ndani hamna moto. (Jengo hawakuliita kanisa; kanisa kwao ni watu waliofunga agano.) Aliyesinzia aliamshwa kwa fimbo. Krismasi hawakuiona imeamriwa katika Maandiko, na kati ya 1659 na 1681 aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi 5. Lakini ndoa ilifungishwa na hakimu, wala si mchungaji, maana hawakuihesabu kuwa sakramenti.

Kuzaliwa na wazazi wacha Mungu hakukutosha kumfanya mtu mshirika kamili. Ilibidi aeleze jinsi neema ilivyomgusa moyoni, na washirika wampime. Tangu 1631, wanaume waliokuwa washirika ndio peke yao waliopewa kura katika koloni. Wanawake walikuwa wengi kanisani, ila kura hawakupata. Waliobaki nje ya agano walilazimishwa kuhudhuria ibada vilevile. Naliona hili kuwa jeraha la mfumo wote: agano hufungwa kwa hiari, nao wakalifanya sheria juu ya watu ambao hawakulifunga kamwe.

Wapo waliolisema hilo wakiwa humohumo ndani. Roger Williams alidai kwamba hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Akafukuzwa, na mwaka 1636 akaanzisha mji wa Providence. Anne Hutchinson, mwanamke aliyejua kazi ya ukunga, aliwakusanya watu nyumbani kwake Boston akisema wachungaji wengi wanahubiri agano la matendo badala ya agano la neema, yaani wanamfanya mtu auegemee mwenendo wake mwema, ilhali wokovu hutolewa bure. Aliwachoma kwa neno lao wenyewe. Mwaka 1637 alihukumiwa kufukuzwa katika koloni.

Kilicholilegeza agano hatimaye ni watoto. Kizazi cha pili kilikua kikiwa kimebatizwa, lakini wengi hawakuwa na ushuhuda wa kuongoka, na kwa kanuni ya zamani watoto wao wasingebatizwa. Mkutano wa makanisa wa 1662 ulikubali wajukuu hao wabatizwe mradi wazazi wawe na mwenendo mzuri, huku Meza ya Bwana ikibaki ya walioongoka. Ugomvi ulizipasua baadhi ya sharika. Kisha hati mpya ya Mfalme ya kuendesha koloni, ya 1691, ikaiondoa kura kwenye ushirika wa kanisa na kuiweka kwenye mali.