Bagi Inayotua Vilevile Kila Raundi

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wanaoanza mbio za bagi za rimoti, yale magari madogo ya kuruka matuta, ni hili: ninunue mota gani? Kabla ya kujibu huwa nauliza la kwangu: katika raundi kumi ulizokimbia mara ya mwisho, ni ngapi zilipita bila bagi kulala chali?

Tupige hesabu ndogo. Chukua mbio za dakika 5 kwenye uwanja ambao raundi moja ni sekunde 30. Utapiga raundi kumi. Tuseme mota kali inakupunguzia nusu sekunde kila raundi, ingawa kwenye uwanja wenye kona nyingi kuipata hiyo nusu si kazi rahisi. Umevuna sekunde 5. Sasa pinduka mara moja tu. Mwokotaji akimbie, aigeuze, aiweke chini, nawe uanze upya kushika kasi: zile sekunde 5 zimekwenda, pengine na nyingine juu yake. Ndiyo maana kila kipuri nakipima kwa jambo moja: je, kitaifanya bagi ifanye kwenye raundi ya tisa kilekile ilichofanya kwenye raundi ya pili?

Kwa kipimo hicho, pesa ya kwanza iende kwenye matairi. Kabla hujafikiria kipuri chochote cha alumini, chuchumaa uwanjani uiguse ardhi. Kama kuna vumbi jepesi juu ya udongo mgumu, unahitaji vijino virefu vilivyoachana, vipenye vumbi vifike chini. Kama udongo umeshindiliwa na una unyevu kidogo, vijino vifupi vilivyosongamana hushika vizuri zaidi, kwa sababu virefu hukunjika kwenye kona na bagi huonekana kama inaelea. Udongo ukishang'aa kwa kupitwapitwa, tairi lililolika huwa bora kuliko jipya. Mimi huweka akiba matairi ya zamani kwa siku hizo. Uwanja wa zulia una matairi yake ya vipini vidogo vidogo. Na bagi ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma huvaa mbele tairi jembamba lenye mistari ya kuzunguka, maana kazi yake kule mbele ni kukata kona, si kuvuta.

Ugumu wa mpira ni suala la pili. Mpira laini hushika sana na huisha upesi. Jua likipanda na ardhi ikachemka, mpira ulioshika vizuri asubuhi unaanza kulika mbele ya macho yako. Halafu kuna sponji ya ndani, ambayo wengi huisahau. Sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa huishikilia tairi umbo lake kwenye kona, ilhali ile laini iliyokuja na tairi mara nyingi huchoka baada ya siku chache. Nimeona watu wakibadilisha springi mara tatu wakati tatizo lao lilikuwa sponji iliyolegea.

Gundi nayo ina adabu zake. Futa ukingo wa tairi na wa rimu kwa spiriti, kwa sababu mpira mpya hutoka kiwandani na utelezi juu yake. Vuta ukingo kwa kidole, dondosha supaglu ile nyepesi, tone moja, liache litembee lenyewe, kisha sogea. Ukimaliza upande mmoja subiri kabla ya kugeuza. Na hakikisha kuna tundu la kupumulia, kwenye rimu au kwenye tairi, la sivyo hewa iliyonaswa italifanya tairi lidunde kama mpira kila ukitua. Uwanja ukiwa na maji, mimi huziba matundu ya rimu kwa utepe na kutoboa mawili katikati ya tairi, ili maji yatakayoingia yarushwe nje.

Sasa shokapu. Hapa ndipo ninapotumia saa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya bagi, na ndipo ninapomwomba kila anayeanza atulie. Shokapu nne zilizojazwa kwa uangalifu, hata zikiwa zile za kawaida zilizokuja na bagi, zitamshinda mtu mwenye shokapu za bei aliyezijaza kwa pupa.

Mimi hufanya hivi. Nasimamisha shokapu wima, pistoni ikiwa chini kabisa, namimina mafuta ya silikoni hadi karibu na ukingo. Kisha naipandisha pistoni taratibu bila kuitoa nje ya mafuta, naishusha, naipandisha tena. Mapovu yanapanda, mengine makubwa, mengine madogo kama vumbi la chumvi. Yale madogo ndiyo yanayodanganya: ukifunga yakiwa bado ndani, raundi ya kwanza shokapu ni ngumu, raundi ya tano hewa imechanganyika na mafuta nayo imelainika. Naiacha dakika kumi. Nikirudi, juu pako safi. Nafunga kifuniko huku ziada ikichuruzika, kisha nazishika mbili za mbele, moja kila mkono, nazisukuma pamoja kwa mwendo mmoja. Zikirudi kwa kasi tofauti, nafungua ile iliyokosea nianze upya. Bagi inayoruka moja kwa moja lakini ikatua imelalia upande, mara nyingi kisa chake kimeanzia hapo mezani.

Kuhusu namba za mafuta, tahadhari. Mafuta ya 30 wt ya kampuni moja si lazima yawe sawa na ya 30 wt ya nyingine. Soma kipimo cha cSt (sentistoki), ndicho kinachoeleza unene wenyewe. Hiyo 30 wt kwa kawaida huwa karibu na 350 cSt. Joto hulainisha mafuta, kwa hiyo mchana wa jua kali mimi hupanda hatua moja.

Lakini unene wa mafuta ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni matundu ya pistoni. Pistoni ikisogea polepole, kama bagi inapoinama kwenye kona, mafuta hupita matunduni kwa raha. Ikisukumwa ghafla, kama unapotua kutoka tuta refu, mafuta hayawahi kupita na shokapu hukaza kwa muda mfupi. Matundu madogo hukaza mapema: utatua bila chesisi kugonga chini, ila kwenye vishimo vidogo vinavyofuatana magurudumu yatarukaruka badala ya kufuata ardhi. Matundu makubwa na mafuta mazito kidogo hukupa utulivu uleule kwenye kona, huku yakiruhusu magurudumu kuvifuata vile vishimo vidogo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize uwanja wako unaumiza wapi, kwenye matuta au kwenye vishimo. Jaribio langu la haraka: nainyanyua bagi ikiwa na betri ndani, sentimita 30 hivi, naiachia itue bapa. Nataka chesisi iguse meza kidogo tu kisha bagi ikae. Ikigonga kwa kishindo, ni laini mno. Ikidunda juu, mara nyingi imekaza mno.

Bagi ya RC10 ya kampuni ya Team Associated, iliyotoka mwaka 1984, ilikuwa na chesisi ya alumini na shokapu za mafuta zilizovishwa springi. Ukiiweka mezani leo karibu na bagi mpya utashangaa jinsi maswali yanavyofanana: mafuta gani, springi gani, shokapu iegemee pembe ipi.

Kimo cha bagi nakipima baada ya kuibonyeza mara mbili tatu ili itulie. Kwenye udongo, bagi ya 1/10 huanzia kwangu milimita 20 hivi, na kwenye zulia hushuka kidogo. Ile ya 1/8 hukaa kati ya 25 na 30. Kushusha hupunguza kuyumba. Kupandisha husaidia palipochimbika. Tairi ziegemee ndani kwa juu digrii 1 hadi 2, basi, na usihangaike nazo mapema. Kwa bagi ya kusukumwa nyuma, acha matairi ya nyuma yaelekee ndani digrii 3 kama kitabu kinavyosema. Nyingi hutoka hivyo, na ukipunguza mapema utakosa utulivu unapoongeza kasi kutoka konani.

Wenye 1/8 wana difu tatu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na hizi zinahitaji maelezo. Utasikia watu wakisema 5-7-3: maana yake mafuta ya 5000 cSt mbele, 7000 katikati, 3000 nyuma. Difu ya katikati ndiyo inayogawa nguvu. Ikiwa na mafuta mepesi, ukikanyaga sana magurudumu ya mbele huzunguka bure na bagi huwa pole. Ikiwa nzito, nguvu hufika pande zote kwa pamoja, bagi huchomoka, lakini dereva lazima awe na kidole chenye subira. Ya nyuma ikiwa nyepesi, mkia hushika vizuri unapoingia kona. Anayeanza namshauri apunguze uzito wa mafuta ya katikati kwanza.

Mota, basi. Kwa 1/10, kila nikibadilisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, nabadilisha jino moja tu. Gia kubwa ya meno 78 na pinioni ya 20 ni 3.9, zidisha kwa uwiano wa ndani wa giaboksi, tuseme 2.6, unapata kama 10.1, yaani mota huzunguka mara hizo gurudumu likizunguka mara moja. Nakimbia dakika 5, kisha napima joto la mota papo hapo. Ikikaribia nyuzi 70 za Selsiasi narudi jino moja chini, kwa sababu joto hudhoofisha sumaku na mota iliyokwisha kuungua hairudi. Betri za LiPo (lithiamu polima) zichajiwe hadi volti 4.2 kwa seli, zilale kwenye 3.8, na iliyovimba isirudi tena ndani ya bagi.

Msimu mmoja, kati ya mbio za mchujo na fainali, nilibadilisha springi za nyuma, mafuta ya mbele na mlalo wa tairi, vyote kwa mpigo, kwa kuwa bagi ilikuwa ikinivutia nje kwenye kona moja ndefu. Fainali bagi haikuvutia nje tena. Ilizunguka yenyewe kila nilipoachia kasi, nikamaliza nyuma kabisa, na jioni sikuweza kujua lipi kati ya yale matatu lilifanya hivyo. Iliniuma, maana asubuhi ile bagi ilikuwa nzuri. Tangu hapo nina daftari. Badiliko moja, raundi tano, maneno mawili ya jinsi ilivyojisikia, kisha ama linabaki ama linarudishwa.

Ukurasa wa mwisho unasomeka hivi: udongo mkavu, vumbi kidogo. Mbele 400 cSt, nyuma 350. Kimo 21 mbele, 21 nyuma. Pinioni 20, mota nyuzi 63. Tuta la tatu: inatua bapa. Kona ya mwisho: bado inateleza mbele, kesho jaribu sponji mpya, usiguse kingine.