Unamsikia Rubani kwenye FM? Kagua Redio Yako Kwanza

Malalamiko yanayozidi kutufikia sisi wasimamizi wa masafa ya redio kutoka Otonglo, Usoma na Kisian yanafanana: mtu anasikiliza stesheni yake ya FM, mara sauti yenye mkwaruzo ya rubani inakatiza wimbo, kisha inapotea. Wengi wanaamini uwanja wa ndege wa Kisumu umevamia masafa ya redio.

Haujavamia. FM inaishia megahezi 108, na mazungumzo ya marubani yako kati ya 118 na 137. Kasoro iko kwenye redio yako. Redio nyingi za bei nafuu hutengeneza mawimbi yao ndani na kuyachanganya na yale yanayoingia kwa eriali, ili tofauti ya hayo mawili iwe megahezi 10.7, ambayo ndiyo kichujio hubakiza. Ukiweka 98.0, redio inatengeneza 108.7. Lakini 119.4 nayo iko 10.7 tu kutoka hapo, kwa upande wa pili. Kichujio cha mlangoni kikiwa dhaifu na ndege iko juu ya paa lako, zote mbili zinaingia.

Chipu zimepunguza tatizo hili. Philips ilipotoa TDA7000 mwaka 1983, karibu kipokezi kizima cha FM kiliingia ndani ya kipande kimoja, na tofauti ile ikashushwa hadi kilohezi 70. Mawimbi pacha, yaani yale ya upande wa pili, yakawa kilohezi 140 tu kutoka stesheni yako, mbali kabisa na marubani. Chipu za leo hugeuza mawimbi kuwa namba na kuyachuja kwa hesabu.

Hapo ndipo watu wanapotuchosha kidogo. Redio kuonyesha tarakimu kwenye skrini hakuifanyi FM kuwa ya dijitali. Matangazo ni yale yale ya analogi. Kilichohama mwaka 2015 ni televisheni, na kwa king'amuzi cha eriali mfumo wetu wa kurusha televisheni ya dijitali ni DVB-T2, toleo la pili la DVB-T. Muuzaji wa Kibuye anayekuambia "ni dijitali hii" bila kutaja T2 hajakujibu. King'amuzi cha DVB-T ya kwanza kilicholetwa na shemeji kutoka ng'ambo hakitashika, hata uinue eriali kupita mwembe.

Redio za upepo (walkie-talkie) ni jambo jingine. Chipu yake inapokea na pia inarusha. Redio ya FM ya nyumbani hatuiombi leseni, ila kubonyeza kitufe cha kuongea, isipokuwa kwa vifaa vidogo vilivyosamehewa na kanuni, kunahitaji leseni ya masafa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998. Leseni hutaja masafa, mahali na nguvu ya mtambo. Ukibadilisha kimojawapo, unaomba upya. Risiti ya duka si leseni. Kifaa chenyewe pia lazima kiwe kimeidhinishwa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na vifaa huchukuliwa. "Ni ya walinzi wa usiku tu" si utetezi.

Kabla ya kutuandikia, jaribu redio ya pili, ya aina tofauti, mahali hapo hapo. Ikiwa kimya, hilo ni la fundi wako. Zote mbili zikimnasa rubani, andika masafa uliyoweka, tarehe, saa, mtaa na aina ya redio zote mbili. Mkaguzi atakuja na kipimo. Video ya simu bila masafa tutakurudishia.