Timu Inayojengwa Upya Haijaandikiwa Kufungwa

Jumamosi iliyopita, saa 12:30 asubuhi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha uwanja mmoja mdogo hapa Montreal, daftari mkononi. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi mabeki wangu wa miaka 14 wanaitoa paki, kile kisahani cha mpira tunachochezea, kwenye eneo letu ikiwa bado iko kwenye gongo, badala ya kuibamiza ukutani na kuomba Mungu. Baba wa mmoja wao, mtu wa Bukavu na mpenzi wa kweli wa hoki ya barafuni, akanisogelea na kahawa yake.

"Kocha, Canadiens walikosea kuingia mtoano 2025. Wangefungwa mwaka mmoja zaidi, wapate namba moja nyingine kwenye drafti."

Canadiens ni timu ya Montreal katika NHL, ligi kuu ya hoki, na drafti ni mgao wa kila mwaka wa vijana wapya, ambapo timu zilizofanya vibaya hugombea kwa bahati nasibu nafasi ya kuchagua wa kwanza. Baba yule hakuwa na nia mbaya. Lakini mwanawe alikuwa hatua tatu kutoka tuliposimama, anafunga kamba za viatu, na alisikia kila neno. Nimeisikia kauli hiyo kwa wazazi, kwa madereva wa teksi, hata kwa makocha wenzangu. Sasa nimechoka kuijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naijibu hapa.

Dhana: timu inayojengwa upya inatakiwa ifungwe, na kila ushindi ni hasara

Tuanze na hesabu yenyewe. Kwa utaratibu wa sasa wa bahati nasibu ya NHL, timu iliyoburuta mkia ina asilimia 25.5 tu ya kuchagua wa kwanza. Yaani karibu mara 3 kati ya 4 unakubali kudhalilika miezi sita, halafu mwenzako ndiye anayeondoka na kijana uliyekuwa unamuota. Mwaka 2023 Anaheim walimaliza wa mwisho. Connor Bedard akaenda Chicago. Mwaka 2017 Colorado walimaliza na pointi 48, msimu wa kutisha kabisa, na bahati nasibu ikawashusha hadi nafasi ya 4. Katika nafasi hiyo ya 4 wakamchukua Cale Makar, ambaye mwaka 2022 alibeba kombe pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Kilichowasaidia Colorado ni jicho la kuchagua. Mkia haukuwasaidia kitu.

Lakini hata hesabu hiyo naiona ndogo. Kinachoniumiza zaidi ni kile ambacho kufungwa kunawafanyia wachezaji walio ndani ya barafu. Mfano wake naujua mmoja tu usiohitaji maelezo mengi: Buffalo.

Tarehe 26 Machi 2015 Buffalo waliwakaribisha Arizona, timu mbili za mkiani zikikutana. Wote walijua kwamba msimu huo Connor McDavid, kipaji kilichokuwa kinasubiriwa na kila timu, anakuja kwenye drafti. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Sam Gagner wa Arizona akafunga, na sehemu ya mashabiki wa Buffalo wakashangilia. Walikuwa ndani ya uwanja wao, wamevaa jezi zao, wanashangilia kipa wao akifungwa. Beki wao Mike Weber hakuficha uchungu wake mbele ya waandishi baada ya mechi. Buffalo wakamaliza wa mwisho kama walivyotaka, pointi 54, na Aprili bahati nasibu ikampeleka McDavid Edmonton.

Buffalo hawakuambulia patupu, tuseme haki. Mwaka huo walimpata Jack Eichel, namba 2. Mwaka wa kabla yake walikuwa wamempata Sam Reinhart, namba 2 pia. Baadaye wakachagua namba moja mara mbili: Rasmus Dahlin mwaka 2018 na Owen Power mwaka 2021. Kama drafti peke yake ingekuwa inajenga timu, hapo ndipo pangekuwa ikulu ya hoki. Badala yake walikosa mtoano misimu 14 mfululizo, kuanzia 2011-12 hadi 2024-25, rekodi ya NHL. Eichel akauzwa Vegas, akabeba kombe 2023. Reinhart akauzwa Florida, na mwaka 2024 ndiye aliyefunga goli la ushindi katika mechi ya 7 ya fainali. Vipaji vilikuwepo. Vilipohamia kwenye nyumba zenye mazoea ya kushinda, vikashinda.

Neno ninalolisisitiza ni mazoea. Beki kijana anapocheza kwenye timu inayofungwa mabao matano kila Jumamosi, hajifunzi kutulia. Anajifunza kuiondoa paki haraka, popote, ili lawama isimkute. Mshambuliaji naye anajifunza kuondoka mapema kwenye eneo lake akiotea bao moja la kujipamba. Kipa anajifunza kutomwamini beki. Mambo hayo yakikaa misimu mitatu, hayaondoki siku ile namba moja anapovaa jezi. Mimi nafanya kazi ya kuyaondoa kwa watoto wa miaka 14, na inachukua mwaka mzima kwa mtoto mmoja.

Na niweke wazi: wachezaji hawafungwi makusudi. Ofisi ndiyo inayouza waliokomaa na kuacha kikosi kitupu. Mchezaji anaachiwa aibu.

Sasa tazama Montreal, timu ambayo yule baba anailaumu. Msimu wa 2021-22 walikuwa wa mwisho ligi nzima, pointi 55, wakamchagua Juraj Slafkovský namba moja. Kisha wakapanda: 68, halafu 76. Kabla ya msimu wa 2024-25 wachambuzi wengi waliwaweka mkiani mwa kundi la Atlantic. Meneja Kent Hughes alisema lengo ni kuwa miongoni mwa wanaogombea nafasi, na nakumbuka watu walivyomcheka. Novemba walikuwa wanaburuta mkia kweli. Hapo ndipo timu nyingi huanza kuuza.

Wao wakanunua. Tarehe 18 Desemba walimleta Alexandre Carrier kutoka Nashville, beki asiye na jina kubwa, asiyefunga magoli, ambaye kazi yake ni kuipokea paki mgongo ukiwa ukutani na kuitoa salama. Niliangalia mechi zake za kwanza nikiwa na kalamu. Zamu baada ya zamu alifanya jambo lile lile: anatazama bega la kulia kabla paki haijamfikia, anageuka upande usio na mtu, pasi fupi, basi. Hakuna atakayemtengenezea video ya dakika mbili. Lakini Lane Hutson, aliyekuwa msimu wake wa kwanza, sasa alipata nafasi ya kufanya yake: anasimama kwenye mstari wa buluu, anatikisa mabega, mlinzi anaenda kushoto na Hutson keshapita kulia. Hutson alimaliza na pointi 66 (kwa mchezaji, pointi ni magoli pamoja na pasi za magoli) na tuzo ya mgeni bora wa mwaka. Alichaguliwa namba 62, raundi ya pili. Soma tena hiyo namba, kisha uniambie kuhusu namba moja.

Tarehe 16 Aprili 2025, mechi ya 82, wakawafunga Carolina 4-2 wakaingia mtoano na pointi 91. Washington wakawatoa kwa mechi 5. Yule baba anaona walipoteza nafasi ya drafti. Mimi naona vijana waliocheza mechi za Machi na Aprili ambazo kila pasi ilikuwa na uzito, wakatolewa na timu iliyokomaa, wakajua kwa miili yao pengo liko wapi. Somo hilo hulipati ukiwa likizo.

Sisemi drafti haina maana. Nathan MacKinnon alikuwa namba moja mwaka 2013. (Ndiye huyo huyo aliyecheza pamoja na nyota mwenzake Sidney Crosby upande wa Ice Lions, timu ya hoki ya Nairobi, mwaka 2018, vijana walioanzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari walipoletwa Kanada. Nikiwaonyesha watoto wangu picha zile, darasa zima hunyamaza.) Lakini MacKinnon huyo alikuwepo ndani ya ile timu ya pointi 48, na yeye mwenyewe msimu huo alipata pointi 53. Msimu uliofuata akapata 97, Colorado ikafika 95 na kuingia mtoano siku ya mwisho. Mchezaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka na jinsi alivyotumiwa.

Dhana: ubashiri wa Septemba ndio ukweli wa Aprili

Ubashiri unatazama msimu uliopita na majina yaliyosajiliwa. Hauwezi kuona kwamba kijana wa miaka 20 amerudi na kilo nne za misuli na hatua mbili za kasi, na timu inayojengwa upya ina vijana wa namna hiyo sita au saba. Wakikua pamoja, hesabu yote inaharibika. New Jersey walikuwa na pointi 63 msimu wa 2021-22 na 112 msimu uliofuata.

Tena pengo lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Montreal kutoka 76 kwenda 91 ni pointi 15, sawa na ushindi kama 7 au 8 zaidi katika mechi 82. Ni ushindi mmoja na kitu kwa mwezi. Na kwa kuwa anayefungwa muda wa nyongeza anapata pointi moja, timu inayojua kushikilia sare hadi dakika ya 60 inaokota nyingi bila kelele. Montreal waliokota 11 kwa njia hiyo msimu ule.

Dhana: fukuza kocha, ndipo wapande

Jared Bednar ndiye aliyekuwa kocha wa ile Colorado ya pointi 48. Hakufukuzwa. Ndiye aliyekuwa kocha wa pointi 95, na ndiye aliyebeba kombe 2022. Mashabiki wa New Jersey walimzomea kocha wao Lindy Ruff mechi ya kwanza ya nyumbani Oktoba 2022, wakidai afukuzwe. Kuanzia mwisho wa mwezi huo hadi Novemba timu ikashinda mechi 13 mfululizo, na mashabiki hao hao wakaimba wakimwomba radhi. Sina zaidi.

Dhana: ni kipa tu aliyebahatisha

Hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana inasumbua. Calgary 2024-25 walitabiriwa mkiani, wakamaliza na pointi 96 sawasawa na St. Louis, wakakosa mtoano kwa kigezo cha ushindi wa muda wa kawaida. Langoni alikuwa Dustin Wolf, msimu wake kamili wa kwanza, kijana aliyechaguliwa namba 214 raundi ya mwisho kwa sababu alionekana mfupi. Kumwita bahati ni kumkosea adabu. Kipa ni sehemu ya timu. Hakuna anayesema mfungaji bora "amebahatisha" akifunga 40.

Lakini kuna wakati kipa anafunika matatizo. Colorado ya 2013-14, Patrick Roy akiwa mwaka wake wa kwanza wa ukocha NHL, ilitoka karibu na mkia hadi pointi 112. Semyon Varlamov aliokoa asilimia 92.7 ya mashuti. Sote tulifurahi. Ukitazama karatasi, hata hivyo, walikuwa wanapigiwa mashuti mengi kuliko waliyopiga, wiki baada ya wiki. Msimu uliofuata walipata 90 wakabaki nje.

Hapo ndipo linapoingia kosa la upande wa pili, la wale wanaoamini kwamba timu iliyopanda mwaka huu mwakani itachukua kombe. Calgary ya 2014-15 iliwashangaza wote kwa pointi 97 na raundi ya pili ya mtoano. Msimu uliofuata 77. New Jersey wa pointi 112 wakashuka hadi 81, na Ruff akafukuzwa kabla msimu haujaisha. Kupanda mara moja kunatokea. Ngazi ya pili ndiyo nzito, kwa sababu sasa wapinzani wanakuandalia mechi kama mtu mzima.

Kwa hiyo ukitaka kujua Oktoba kama timu iliyodharauliwa itawashangaza watu, acha kuangalia msimamo. Angalia jozi ya pili na ya tatu ya mabeki: je, paki inatoka eneo lao kwenye gongo, au inarushwa? Angalia mashuti wakiwa watano kwa watano, bila faida ya mtu mmoja. Na angalia dakika 10 za mwisho wakiwa nyuma kwa bao moja, wanacheza mpango wao au kila mtu anakimbia peke yake. Mechi 15 zinatosha. Mimi huandika kwa kalamu, safu mbili, iliyotoka salama na iliyopotea, na sijawahi kuhitaji programu ya mtu.

Jumamosi ile timu yangu ilifungwa 4-3. Yule baba akaniuliza, kwa sauti ya kunipa pole, mambo yameendaje. Nikamfungulia daftari ukurasa wa mwanawe: paki 14 alizopokea nyuma ya goli letu, 11 zimetoka kwenye gongo. Septemba zilikuwa 4 kati ya 13. Akakaa kwenye benchi kuusoma, na mtoto akaja kusimama nyuma yake akichungulia juu ya bega.