Sunni na Shia wa Iraq: mambo tunayoambiana barazani ambayo siyo kweli

Kila ikitajwa Iraq barazani lazima atokee mtu aseme "hao wanauana tangu Karbala, miaka 1,400 sasa, nani atawasuluhisha", wengine wanaitikia, kahawa inaendelea. Mimi hiyo kauli inaniuma sana kwasababu inawafuta watu wote waliouawa kwenye mauaji ya Sunni na Shia ya 2006 kana kwamba walizaliwa wauane, na inawasafisha wale waliofanya maamuzi ambayo tarehe zake zinajulikana kabisa. Kwahiyo nimeona niziandike hizi dhana moja moja, na nitakaporefusha mnivumilie.

DHANA: Wamekuwa wakiuana miaka yote.

Ukweli: Tofauti ipo na ni ya zamani, inahusu nani alistahili kushika uongozi baada ya Mtume (S.A.W), na Karbala ya mwaka 680, alipouawa Imam Hussein, mjukuu wa Mtume, ni kidonda kwa Shia hadi leo. Lakini kutofautiana madhehebu ni jambo moja, jirani kuvunjiwa mlango usiku na kutolewa na watoto wanaona ni jambo lingine kabisa. 1920 Waingereza walipoikalia Iraq, Sunni na Shia walisimama pamoja kuwapinga, Baghdad wakawa wanakutana kwenye misikiti ya wenzao, maulidi na maombolezo ya Imam Hussein yanasomwa pamoja. Vita ya Iran na Iraq, 1980 hadi 1988, askari wengi wa kawaida wa Iraq walikuwa Shia, na walipigana na Shia wenzao wa Iran miaka 8. Kabila kama Shammar au Jubur lina Sunni na Shia ndani yake, na Baghdad ndoa za mchanganyiko zilikuwa kitu cha kawaida tu.

Sisemi kulikuwa peponi. Saddam alimuua Ayatollah Muhammad Baqir al-Sadr, mwanazuoni mkubwa wa Kishia, 1980, na 1991 Shia wa kusini walipoinuka walizimwa kwa vifaru na helikopta, makaburi ya halaiki yakaja kufukuliwa baada ya 2003, kina mama wanatafuta mifupa ya watoto wao kwenye mifuko ya plastiki. Huo ni udhalimu mkubwa mno. Ila ulikuwa wa dola kwa raia, haukuwa wa mtaa kwa mtaa.

DHANA: Marekani iliwakuta wanapigana, ikajaribu kuamulia ikashindwa.

Ukweli: Baghdad ilianguka mikononi mwa Wamarekani tarehe 9 Aprili 2003. Mwezi uliofuata mtawala aliyewekwa na Marekani, Paul Bremer, akatoa amri mbili ndani ya wiki moja, tarehe 16 Mei kuwafuta kazi wanachama wa ngazi za juu wa Baath, chama cha Saddam, wakiwemo walimu na madaktari wengi walioingia chama ili wapate kazi, halafu tarehe 23 Mei kulivunja jeshi lote. Yani watu zaidi ya laki tatu waliofundishwa kutumia silaha wanarudi nyumbani hawana mshahara, na maghala ya silaha nchi nzima hayana mlinzi. Hapo hata usipokuwa mtaalamu wa vita unajua nini kinafuata.

Lakini kosa ambalo watu hawalisemi sana ni la Julai mwaka ule ule, Wamarekani walipounda Baraza la Utawala la watu 25 na viti vikagawanywa kwa dhehebu na kabila, Shia 13, Waarabu wa Kisunni 5, Wakurdi 5, Mturkmeni mmoja, Mkristo Mwashuri mmoja. Hadi katibu wa chama cha Kikomunisti akahesabiwa kwenye fungu la Shia! Tangu siku hiyo ukitaka kazi, wizara au ulinzi, swali la kwanza ni wewe wa upande gani, na ambaye hakuwa na upande ikabidi autafute.

Na kwenye ufa huo akaingia Abu Musab al-Zarqawi, Mjordan, ambaye kundi lake baadae liliitwa al-Qaeda ya Iraq, na mpango wake haukuwa siri kwasababu barua yake ilikamatwa na kutangazwa mwanzoni mwa 2004. Alisema wazi kwamba njia ni kuwapiga Shia mpaka wachokozeke na kulipiza, ili Sunni waliolala waamke kwa hofu. Machi 2, 2004, siku ya Ashura, Shia wanapoomboleza kifo cha Imam Hussein, mabomu yakalipuka mji wa Karbala na Kadhimiya, mtaa wa Shia Baghdad, kwa pamoja, watu zaidi ya 140 wakafa. Chuki ya asili haihitaji kuchochewa kwa barua na mabomu miaka miwili mfululizo kabla haijashika. Tena mwezi uliofuata, Aprili, Wamarekani walipoizingira Fallujah, mji wa Sunni, Shia wa Baghdad walijipanga kuchangia damu na kupeleka misafara ya chakula. Hilo mbona halisimuliwi?

DHANA: Kila kitu kilianza na bomu la Samarra.

Ukweli nusu. Tarehe 22 Februari 2006 msikiti wa al-Askari mjini Samarra ulilipuliwa, kuba la dhahabu likaanguka, mahali walipozikwa Imam wa 10 na wa 11 wa Shia. Mlipuko wenyewe haukuua mtu. Waliouawa ni wa siku zilizofuata, na Ayatollah Sistani, kiongozi mkuu wa dini wa Shia wa Iraq, ambaye miaka yote ile alikuwa akikataza Shia wasilipize, safari hii sauti yake ikazidiwa na bunduki.

Ila vikosi vya mauaji vilikuwepo tayari. Novemba 2005 askari wa Marekani waliingia kwenye handaki la Wizara ya Mambo ya Ndani mtaa wa Jadriya wakakuta wafungwa kama 170, wengi wao Sunni, wamekonda, wana alama za mateso. Ndo maana watu wa Baghdad walikuwa wanaogopa gari la polisi kuliko gari la mwizi, kwasababu saa za marufuku ya kutembea usiku anayetembea ni polisi, na maiti zinaokotwa alfajiri jalalani au zinaelea mto Tigris, zimefungwa mikono, nyingine zimetobolewa na keekee ya umeme. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia 34,452 waliouawa mwaka 2006 peke yake.

Fikiria kizuizi cha barabarani. Kitambulisho cha Iraq hakikuandikwa dhehebu, kwahiyo kijana mwenye bunduki anaangalia jina. Ukiitwa Omar, jina la Kisunni, kwenye kizuizi cha wanamgambo wa Kishia umekwisha, ukiitwa Abdul-Hussein, jina la Kishia, upande wa pili nawe umekwisha. Watu wakawa wanatembea na vitambulisho viwili, cha kweli na cha kughushi, na wanabidi wakumbuke cha mfuko upi ni cha mtaa upi. Kwetu pwani Omari na Ali wanatoka tumbo moja, wanakula sahani moja. Na Baghdad ilikuwa hivo hivo, familia zenye majina yote mawili zilikuwepo, ndo maana nasema kilichovunjwa pale ni nyumba za watu.

DHANA: Askari wa nyongeza wa 2007 ndo waliomaliza vita.

Hii inapendwa sana na wanaosoma mambo ya kijeshi. Bush alitangaza nyongeza Januari 10, 2007, mwishowe ikafika kama askari 30,000, Jenerali David Petraeus akakabidhiwa usukani, na mbinu ikabadilika, badala ya kukaa kwenye kambi kubwa na kutoka kupiga doria halafu kurudi kulala, wakahamia vituo vidogo mitaani wakalala huko huko na askari wa Iraq. Somo la msingi la kupambana na waasi ni kwamba raia lazima aamini kesho utakuwepo, la sivyo hakuambii bomu limefukiwa wapi. Hilo lilisaidia, sikatai.

Ila angalia tarehe. Mashekhe wa Anbar, mkoa wa Sunni, wakiongozwa na Abdul Sattar Abu Risha walishaanza kuwapiga al-Qaeda, kundi la Zarqawi, tangu Septemba 2006, kabla ya nyongeza, kwasababu al-Qaeda walikuwa wanawaua mashekhe na kuwanyang'anya biashara zao. Hao ndo Sahwa, yaani mwamko. Baadae wakafika kama laki moja, wanalipwa dola 300 hivi kwa mwezi, wengi wao juzi tu walikuwa wanawapiga risasi Wamarekani. Agosti 2007 Muqtada al-Sadr, shekhe wa Kishia, naye akasimamisha mapigano ya wanamgambo wake, Jeshi la Mahdi. Na la kuumiza zaidi, mauaji yalipungua pia kwasababu mitaa mingi ilikuwa imeshasafishwa, Sunni wameondoka huku, Shia wameondoka kule, walioyahama makazi yao wamefika kama milioni 4 ndani na nje ya nchi, halafu zikaja kuta za zege, ukuta wa Adhamiya, mtaa wa Sunni Baghdad, wa Aprili 2007 ulikuwa na urefu wa kama kilomita 5. Grafu ikishuka kwasababu hakuna jirani aliyebaki wa kuuawa, mimi siwezi kuita ushindi.

Sahwa wenyewe waliahidiwa ajira serikalini, ila wachache ndo waliopewa, na serikali ya waziri mkuu Nouri al-Maliki ikaanza kuwakamata. Wamarekani wakaondoka Desemba 2011. Juni 2014 Mosul ikaanguka mikononi mwa ISIS, kundi lililotokana na al-Qaeda ya Iraq.

DHANA: Shia wote wa Iraq ni watu wa Iran.

Hapana. Sistani kazaliwa Mashhad lakini hafuati mfumo wa Iran wa faqihi, yaani mwanazuoni wa dini, kutawala nchi. Na Machi 2008 pale Basra jeshi la serikali iliyoongozwa na Shia lilipigana na Jeshi la Mahdi, Shia kwa Shia.

DHANA: Hayo ni mambo ya Waarabu, sisi hayatuhusu.

Muulize mama wa Kampala ambaye mwanae alikuwa analinda geti la kambi ya Marekani kule Iraq. Waganda walienda kwa maelfu kupitia makampuni ya ulinzi, kwa mshahara mdogo sana ukilinganisha na walinzi wa Kimarekani.

DHANA: Hawawezi kuishi pamoja tena.

Kuna daraja Baghdad linaitwa Daraja la Maimamu, linaunganisha Kadhimiya ya Shia na Adhamiya ya Sunni. Agosti 31, 2005 mahujaji wa Kishia walikuwa wanavuka kwenda ziara ya Imam Musa al-Kadhim, ikavuma kwamba kuna mtu kavaa mabomu, watu wakakanyagana, wengine wakatumbukia mtoni, wakafa karibu 1,000 siku hiyo. Vijana wa Adhamiya wakaruka kuokoa. Mmoja, Msunni, jina lake Othman, alivuta watu kadhaa nje ya maji, akarudi tena kumfuata mwingine, nguvu zikamuishia akazama naye.

Miezi michache baadae jina kama hilo lilikuwa linatosha kumuua mtu kwenye kizuizi.

Daraja lilifungwa siku ile ile likakaa limefungwa miaka 3. Novemba 2008 wakaondoa vizuizi vya zege, na watu wa Kadhimiya wakatembea kuanzia kwao, wa Adhamiya kuanzia kwao, wakakutana katikati.