Kigoda cha Maboksi na Mchanga wa Katwe

Kila muhula mpya nawapa wanafunzi wangu wa ubunifu wa samani kazi ileile: tengenezeni kigoda kwa maboksi mliyookota Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala. Gundi hakuna, msumari hakuna, selotepu hakuna. Siku ya kukabidhi kila mtu hukalia cha kwake mbele ya wenzake, kisha nakikalia mimi, na mimi si mwepesi.

Safari hii kijana mmoja alileta kigoda kizuri ajabu. Alikuwa amekichora kwenye kompyuta mpaka kivuli chake. Akakaa. Kikainama ubavu mmoja, kikajikunja taratibu, naye akajikuta sakafuni. Vicheko vilipotulia nikamwambia apasue ukuta wa kigoda atazame ndani. Boksi ni karatasi mbili bapa zilizobana katikati karatasi ya mawimbi. Mawimbi hayo yakisimama wima, kila moja ni nguzo ndogo. Yakilala, uzito unayasaga. Yake yalikuwa yamelala. Kwenye skrini boksi ni boksi tu, ligeuze utakavyo, halikuambii kitu. Alikata vipande viwili, akavibonyeza kwa kiganja, kimoja wima, kingine kimelala. Akarudia mara tatu.

“Mwalimu, kumbe ni kama mbao.”

Mbao sikuwa nimeitaja kabisa.

Ndivyo ilivyo. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, urefu wake karibu haubadiliki. Aliyelisoma hilo atalijibu kwenye mtihani. Aliyeamka akakuta uso wa meza yake umepasuka katikati atakumbuka kurefusha tundu la skrubu ili mbao ipate pa kutembea.

Zoezi hili si uvumbuzi wangu. Josef Albers alikuwa akiwapa wanafunzi wa Bauhaus, shule ya ubunifu, karatasi wakate na kukunja bila kutupa kitu. Shule hiyo Walter Gropius aliianzisha Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na jambo lake ninalolipenda kuliko viti vyake vyote vya bomba la chuma ni kwamba mwanzoni kila karakana yake ilikuwa na walimu wawili: msanii na fundi. Sisi tuliiga viti, fundi tukamwacha nje ya geti. (Na hapa Kampala tusisahau kwamba shule ya sanaa ya Makerere ilianza miaka ya 1930 kwa madarasa ya barazani nyumbani kwa Margaret Trowell. Hapakuwa na maabara ya kompyuta.)

Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kilikuwa na karakana ya kuonea fahari wageni. Randa ya umeme bado ina plastiki yake. Ufunguo yuko nao mtunza stoo, na mtunza stoo kaenda kijijini. Wiki ya tatu nikachoka, tukapanda boda mpaka Katwe, mtaa wa mafundi.

Fundi tuliyemkuta alijifunzia Kiswahili chake Nairobi. Msichana mmoja akamwonyesha mchoro wa mguu wa kiti, bomba limekunjwa kwa kona kali. Mzee akacheka. “Mwanangu, hii itabonyea kama mrija wa soda.” Akachukua bomba, akalijaza mchanga mkavu, akaligongagonga mchanga ushindiliwe, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto mpaka likaiva wekundu, kisha akalivuta polepole. Kona ikatoka mviringo, haina hata kovu. Akasisitiza mchanga uwe mkavu kabisa, kwa sababu maji yakibaki ndani yakageuka mvuke, bomba linaweza kulipuka usoni. Msichana akaufuta mchoro wake palepale, akachora kona pana zaidi. Ikawa nzuri kuliko ya kwanza.

Nisieleweke vibaya: kushika nyundo pekee hakumfanyi mtu mbunifu. Nilipomuuliza mzee mchanga unafanya kazi gani mle ndani, alijibu, “Ndivyo tulivyofundishwa.” Hapo ndipo zamu yangu ilipoanza. Tulikaa juu ya mapipa nusu saa tukijadili jinsi ukuta wa bomba unavyokosa pa kukimbilia ndani bomba likiwa limejaa, naye akawa wa kwanza kuuliza kama mchele mkavu ungefaa badala ya mchanga.

Muhula ujao nataka aje darasani, tufundishe wawili, alipwe kama mimi. Barua nimeshaandika. Ofisi ya fedha imejibu kwa swali moja: ana shahada gani?