Usingoje Kiu: Maji na Utulivu wa Mwili Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Kuanzia Juni hadi Agosti, hapa Mbeya mtu mwenye afya njema anaweza kumaliza siku nzima na vikombe viwili vya chai asione amepungukiwa chochote. Baridi hupunguza hamu ya maji, na hewa ya kiangazi nayo ni kavu: midomo inapasuka, tunapaka mafuta, kazi zinaendelea. Kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mazoea hayo yanaweza kumrudisha wodini. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini katika wiki za mwanzo, na mara nyingi ungeweza kuzuiwa nyumbani kwa maji ya kawaida yaliyochemshwa.

Nianze na kilichobadilika tumboni, maana ndugu wengi wanaomuuguza mgonjwa hawajaelezwa. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani kwa sasa ni ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban asilimia 75 hadi 80, na kuacha kama mrija mwembamba unaobeba mililita 100 hadi 150 hivi. Upo pia wa baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 tu au zaidi kidogo, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Siku za mwanzo sehemu iliyoshonwa huwa imevimba, kwa hiyo nafasi ni ndogo hata kuliko hapo. Mtu aliyezoea kugugumia glasi nzima ya maji hawezi tena. Akijaribu, atapata maumivu kifuani au atatapika.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Sehemu ya maji tunayoyapata kila siku hutoka kwenye chakula: ugali, wali, mboga za majani, ndizi, matunda. Mgonjwa huyu sasa anakula vijiko vichache tu. Maji yale ya kwenye chakula yameondoka, na lazima yarudi kwa njia ya kunywa, kupitia mlango ambao umekuwa mwembamba.

Kwa sababu hiyo tunawaambia wagonjwa wafuate saa, wasifuate kiu. Lengo la kawaida ni lita 1.5 kwa siku, na baadaye hata lita 2, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepewa kiwango chake na daktari. Ukizigawa lita 1.5 kwa saa 15 za kuwa macho, unapata mililita 100 kila saa. Chukua chupa tatu za nusu lita. Ya kwanza inywe kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 5, ya pili saa 5 hadi saa 10 jioni, ya tatu saa 10 hadi saa 3 usiku. Kila baada ya robo saa, kunywa vijiko viwili vya chakula, ambavyo ni kama mililita 30, kisha tulia. Siku mbili tatu za mwanzo huenda usifikie lengo. Ongeza kidogo kidogo, na ukiona chupa ya kwanza imefika saa 6 mchana haijaisha, hapo ndipo pa kuchukua hatua. Usisubiri jioni.

Naomba sana familia iingie katika hesabu hii. Mgonjwa akiwa amechoka na ana kichefuchefu, hatakumbuka robo saa. Mtoto wa shule anaweza kupewa kazi ya kumletea mama kikombe kidogo, au simu ikawekewa kengele. Upungufu wa maji wenyewe huleta kichefuchefu, na kichefuchefu humfanya mtu akatae maji, hivyo anazidi kukauka. Mduara huo ukishaanza kuzunguka ni vigumu kuukata bila dripu.

Huku kwetu tuna nafuu moja: vinywaji vya uvuguvugu. Wagonjwa wengi tumboni mwao maji ya baridi hukataa, ya uvuguvugu hukubali. Chupa ya chai iwe karibu na kitanda. Maji ya mchaichai au tangawizi kidogo, bila sukari, ni mazuri. Supu ya kuku wa kienyeji iliyochujwa na kuenguliwa mafuta inahesabiwa kama maji, na ina chumvi ambayo mwili unaihitaji. Chai ya Tukuyu au Mufindi iwe nyepesi. Ile nzito iliyokolea, pamoja na kahawa, ziahirishwe kwa wiki za mwanzo kwa kuwa zinaweza kukera mfuko wa chakula na zisiwe za kutegemewa kuziba pengo la maji. Ukifika wakati wa vinywaji vizito, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza kadiri daktari alivyopanga, maziwa yenye mafuta kidogo, mtindi usio na sukari na uji mwepesi uliochujwa vinaingia. Hivyo vinakusaidia pia kufikia protini ya gramu 60 hadi 80 kwa siku ambayo wataalamu wa lishe huitafuta kwa mgonjwa huyu.

Soda iachwe. Gesi yake hujaa mahali ambapo hakuna nafasi. Juisi za boksi na asali iliyokorogwa kwenye maji nazo ni tatizo, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi: sukari nyingi ikishuka haraka kwenye utumbo, moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo hukata na mtu huharisha, akapoteza maji kuliko aliyoyaingiza. Wa Iringa na Njombe wataniuliza kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi. Hata ule mtamu wa siku hiyo hiyo una sukari na unaendelea kuchachuka, na pombe yoyote baada ya upasuaji huu huingia kwenye damu haraka kuliko zamani. Jibu langu ni hapana.

Wakati wa kula, maji yakae pembeni. Subiri nusu saa baada ya mlo ndipo uanze tena kunywa, la sivyo chakula kidogo ulichokula kitasukumwa au kitarudi.

Kipimo cha nyumbani ni mkojo. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu na ukienda haja ndogo mara kadhaa kwa siku, unaendelea vizuri. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi na umepungua, kinywa kikavu, kizunguzungu ukisimama, ongeza kunywa mara moja na wasiliana na kliniki yako. Lipo jambo ambalo wagonjwa huona aibu kulisema: choo kiko uani, usiku ni baridi kali, kwa hiyo wanaacha kunywa kuanzia saa 10 jioni ili wasitoke. Wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani. Ni jambo dogo na linaokoa chupa nzima ya tatu.

Kuhusu baridi yenyewe, mtu anayepungua uzito haraka huisikia zaidi kuliko alivyozoea, kwa kuwa anakula kidogo na mafuta ya mwili yanapungua. Soksi, kofia ya sufu, blanketi mbili, hayo ni matibabu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, hata kwa dakika za kupasha moto. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Mama na shangazi wenye nia njema hutaka kumkanda mgonjwa tumbo kwa maji ya moto na kumfunga kanga kwa nguvu, kama anavyofanyiwa mzazi. Heshima yao iko palepale, lakini tumbo hili lisikandwe. Lina mishono ndani ambayo haionekani, na vidonda vya nje havitakiwi kulowekwa. Kinachosaidia ni kulala kichwa na mabega vikiwa juu kwa mito, kukumbatia mto tumboni wakati wa kukohoa, na kutembea ndani ya nyumba kila baada ya muda mfupi. Maumivu ya bega katika siku chache za mwanzo mara nyingi hutokana na gesi iliyotumika kupanua tumbo wakati wa upasuaji wa matundu, na kutembea huyapunguza. Dawa ya maumivu iwe uliyoandikiwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za duka la jirani zinaweza kusababisha vidonda kwenye mfuko mpya, hasa baada ya baipasi.

Vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo na dawa za kisukari huhitaji kupangwa upya mara tu baada ya upasuaji. Usiache mwenyewe, wala usiendelee na dozi ya zamani bila kuuliza.

Wapo wanaofanyiwa huduma hizi Dar es Salaam kisha wanarudi huku. Wengine wamewekewa puto tumboni, huduma inayotolewa Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila. Hilo si upasuaji, lakini siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika huwa kwingi, na ushauri wa maji ni ule ule. Muulize daktari siku unayoruhusiwa kusafiri kabla ya kukata tiketi. Barabara hadi Mbeya inazidi kilomita 800, na abiria wengi hujinyima maji ili wasisumbuke na kuchimba dawa. Kwa mgonjwa huyu, kukaa bila kunywa huku miguu haijasogea kutwa nzima ni njia ya kupata damu iliyoganda mguuni, ambayo inaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Endelea na vijiko vyako kila robo saa, chezesha vifundo vya miguu ukiwa kwenye kiti, na basi likisimama Mikumi, Iringa au Makambako, shuka utembee.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, homa ikifika nyuzi 38, mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu ya tumbo yakiongezeka badala ya kupungua, au ukishindwa kabisa kubakiza maji tumboni kwa siku nzima, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, na kama kituo kilicho karibu ni zahanati, anzia hapo huku usafiri ukitafutwa.

Beba karatasi ya ruhusa kila uendako, na umwambie mhudumu kwamba umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na umekuwa ukitapika. Kwa wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mgonjwa huyu akifika amekauka baada ya kutapika kwa siku nyingi, akiba yake ya vitamini B1 huenda imekwisha, kwa kuwa mwili huihifadhi kwa wiki chache tu. Dripu ya glukosi ikitangulia, B1 iliyobaki hutumika yote kuchoma sukari hiyo, na ubongo unaweza kudhurika: mgonjwa akachanganyikiwa, akaona vitu viwili viwili, akayumba akitembea. Anzeni na dripu ya maji ya chumvi (normal saline), mpeni B1 ya sindano kabla ya glukosi, na kama haipo kituoni, iandikeni kwenye barua ya rufaa mstari wa kwanza.