Eksirei huonyesha kinachoweza kungoja

Mgonjwa akiletwa na muundi uliovunjika, wanaojifunza upasuaji wa mifupa huikimbilia eksirei. Nawaelewa, lakini eksirei huonyesha mfupa, na katika mguu ule mfupa ndio wenye subira. Msuli ulionyimwa damu hauna subira hiyo. Neva nayo hulalamika mapema kuliko msuli, halafu ikikatika huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko mfupa wenyewe. Sayansi ya msingi mnayoikariri kwa ajili ya mtihani, mkiipanga kwa saa, ndiyo itakayowaambia nini kifanywe usiku uleule.

Kwanza jambo la lugha. Hapa Mombasa mgonjwa akisema "mshipa" huenda akakusudia mshipa wa damu, kano, neva, au hata ngiri. Usiandike kwenye faili kabla hujamwambia aonyeshe kwa kidole na kumuuliza: panachomachoma, panakufa ganzi, au panavuta? Ganzi na mchomo ni habari ya neva.

Sasa msuli. Nenda bucha yoyote Majengo au Kongowea, uombe paja la mbuzi ambalo halijasafishwa. Utaona utando mweupe unaong'aa uliofunga kila fungu la misuli. Uvute kwa vidole: haukubali kurefuka. Hiyo ndiyo fashia. Chini ya goti la binadamu fashia na mifupa hugawa mguu vyumba vinne: cha mbele, cha pembeni, cha nyuma cha juujuu, na cha nyuma cha ndani. Kuta za vyumba hivi hazitanuki, na hapo ndipo inapoanzia balaa iitwayo sindromu ya chumba (compartment syndrome).

Kwa kawaida shinikizo ndani ya chumba halifiki milimita 10 za zebaki. Mfupa ukivunjika, damu humwagika ndani na misuli huvimba. Vena ndizo hubanwa mwanzo, kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu inaingia, haitoki. Maji yanazidi kuvuja kwenye kapilari. Shinikizo linapanda tena. Ateri kubwa, yenye shinikizo la 120, inaendelea kupiga kana kwamba hakuna lolote. Kwa hiyo mpigo ulioupata juu ya wayo haukuhakikishii kitu. Msuli unaweza kuwa unakufa sentimita chache juu ya kidole chako.

Hesabu ya kuikumbuka ni kutoa: shinikizo la chini la damu, toa shinikizo la chumba. Likibaki 30 au pungufu, ni hatari. Mtu mwenye 70 chini na chumba kina 45 amebakiwa na 25. Lakini aliyepoteza damu nyingi, mwenye 50 chini, yumo hatarini chumba kikiwa na 20 tu. Kipimo kichukuliwe ndani ya sentimita 5 kutoka palipovunjika, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo huwa kubwa zaidi. Ukipima mbali utajidanganya. Na ukipima mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi, tumia shinikizo la damu la kabla ya usingizi, maana dawa hizo hulishusha.

Neva huanza kuvurugika ndani ya nusu saa hivi. Msuli huvumilia takriban saa 4. Kati ya saa 6 na 8 sehemu kubwa haitarudi tena. Saa hizo hazianzi mgonjwa anapofika kazualti. Mkwezi aliyeanguka mnazini Matuga, akafungwa vijiti na mtaalamu wa viungo wa kijijini, akangoja gari, kisha akangoja feri Likoni, huenda ameshamaliza nyingi kabla hujamwona. Uliza aliumia saa ngapi, na alifungwa saa ngapi. Andika yote mawili.

Dalili unayoitafuta ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ingawa mguu umetulizwa. Shika kidole gumba cha mguu, ukishushe taratibu kuelekea chini: unanyoosha msuli wa chumba cha mbele. Akiruka kwa maumivu kwenye muundi, si kwenye kidole, hilo ni jibu. Gusa ngozi kati ya kidole gumba na cha pili. Ganzi pale ni neva ya kina ya peronea inayopita chumba hichohicho. Kupooza na kukosa mpigo huja mwisho, na anayesubiri hayo ndiyo aite bosi wake atakuwa amechelewa. Mtoto hatakueleza haya. Yeye hutapatapa, hulia, na dozi ya dawa ya maumivu iliyomtosha asubuhi haimtoshi jioni. Nesi wa wadi akikwambia mtoto ameomba dawa mara ya tatu, inuka ukamwone. Na msiamini kwamba mvunjiko ulio wazi umejipunguzia shinikizo wenyewe. Tundu la ngozi halifungui vyumba vyote.

Kama kuna plasta, ipasue urefu wote, itanue, kisha ukate pamba ya ndani mpaka uone ngozi. Wengi huishia kwenye plasta, na bandeji iliyokaukiana na damu hubana vilevile. Mguu uwe usawa wa moyo. Msiuninginize juu: kuuinua hupunguza damu inayoingia. Rekebisha shinikizo la damu, mpe oksijeni, rudi baada ya nusu saa. Kama hakuna nafuu, hakuna cha kungoja zaidi ya chumba cha upasuaji.

Kupasua fashia ya mguu hutaka mikato miwili mirefu, ya sentimita 15 hadi 20. Makosa yanayojirudia ni matatu. Mkato wa ngozi hufanywa mfupi, na ngozi yenyewe ikageuka kuwa ukuta wa kubana. Chumba cha nyuma cha ndani huachwa bila kufunguliwa, kwa sababu mpasuaji aliona msuli wa nyuma akadhani amefika. Hujafika mpaka umeubandua msuli wa soleasi, wa shavu la mguu, kwenye muundi. La tatu ni kuikata neva ya juujuu ya peronea, inayotoboa fashia kama sentimita 10 hadi 12 juu ya kifundo cha nje. Msuli ulio hai una rangi nyekundu, ni imara ukiushika, hujikunja ukiufinya, na hutoa damu ukiukata. Rangi peke yake hudanganya. Mimi huamini zaidi kujikunja. Rudi kutazama baada ya saa 48 hadi 72.

Damu ikirudi kwenye msuli uliokufa husomba potasiamu na mayoglobini, protini ya msuli. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa tungu, figo ziko hatarini: ongeza maji ya mshipa mpaka mkojo ufike angalau mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, na angalia moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Mfupa, kama nilivyosema, unangoja. Ufungie nje kwa vyuma usiku huo, mengine baadaye. Ila subira yake ina sharti: haupendi kunyumbuliwa kupita kiasi. Chukua mwachano wa milimita 1 unaochezacheza nusu milimita: hiyo ni asilimia 50 ya upana wake. Mchezo uleule kwenye mwachano wa milimita 10 ni asilimia 5 tu. Tishu changa ya mwanzo huvumilia hadi asilimia 100, gegedu karibu asilimia 10, mfupa uliokomaa asilimia 2. Ndiyo maana mvunjiko mmoja ulionyooka, uliofungwa kwa bamba lililolegea, hukataa kuunga, huku uliosagika vipande vingi ukiunga vizuri kwa nondo iliyopitishwa ndani ya uboho: mchezo uligawanywa katika nyufa nyingi, kila ufa ukapata kidogo. Mpasuaji anayeacha ufa wa milimita 1 kisha akafunga bila kuubana amechagua pabaya kuliko pote.

Msiuvue mfupa ngozi yake, yaani utando unaoufunika. Theluthi mbili za ndani za ukuta wake hulishwa na mshipa wa kwenye uboho, theluthi ya nje na ngozi ya mfupa. Mvunjiko umeshaukata mshipa wa uboho. Ukikwangua na nje, umeuacha na nini?

Neva ndiyo yenye safari ndefu. Mwaka 1943 Seddon, mpasuaji Mwingereza, aliyagawa majeraha ya neva mafungu matatu, na mgawanyo huo bado ndio ninaoutumia kando ya kitanda: neurapraksia, waya mzima ila umezimwa, aksonotmesi, nyuzi zimekatika ndani ya ganda zima, neurotmesi, vyote vimekatika. La kwanza hurudi kwa wiki au miezi michache. La pili huota takriban milimita 1 kwa siku. La tatu bila mshonaji halirudi.

Tuseme mfupa wa mkono wa juu umevunjika na kiganja kimeanguka kwa sababu ya neva ya radiali, inayoinua kiganja. Pima kwa utepe kutoka palipovunjika hadi msuli wa brakioredialisi karibu na kiwiko, ambao ndio wa kwanza kuamka. Kama ni sentimita 9, hesabu siku 90 na wiki chache za kuanza safari. Kipimo cha umeme wa misuli kisifanywe siku ya tatu. Nyuzi zilizokatika bado hazijaoza zote, na misuli huonyesha dalili zake baada ya wiki 2 hadi 3. Kila kliniki gonga ngozi ukitokea chini kuelekea juu, tia alama mahali anapohisi umeme, pima sentimita. Alama ikisogea, ngoja. Isiposogea na msuli haujaamka baada ya miezi 3 hadi 4, mpeleke kwa anayeshona neva, kwa sababu viungio vya neva na msuli visivyopata neva huharibika moja kwa moja kati ya miezi 12 na 18, na hesabu hiyo ilianza siku mkono ulipovunjika.